Virusi gani kwa mdudu gani? Kuchagua silaha dhidi ya wadudu wanaobeba magonjwa ya mazao

Mtazame kiwavi aliyekufa kwa bakulovirusi, kundi la virusi linaloua viwavi. Ananing'inia kichwa chini kwenye jani la juu kabisa, ameshikilia kwa miguu ya kati, mwili umelegea kama kifuko cha uji. Ukimgusa anapasuka na kumwaga ute wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na tope. Ndani ya ute huo mna mamilioni ya fuwele za protini, kila moja imefungia virusi. Hata kupanda kwake juu hakukuwa kwa hiari yake: mwaka 2011 watafiti walionyesha, kwa viwavi wa nondo aitwaye Lymantria dispar, kwamba jeni moja ya kirusi chenyewe, egt, ndiyo inayomsukuma mgonjwa akwee kabla ya kufa. Akipasuka huko juu, ute unadondokea majani ya chini ambako wenzake wanaendelea kula.

Sasa mtazame kidukari. Anatua juu ya jani la kiazi, anatembea hatua chache, anachoma sindano ya mdomo wake, anaonja kwa sekunde kadhaa, hapendi, anaondoka. Kama alitoka kwenye mmea wenye kirusi Y cha viazi, katika kuonja huko tayari amekiacha. Hakula jani. Hakumeza chochote kilichokuwa juu ya jani. Ungekuwa umepulizia fuwele zile za bakulovirusi asubuhi hiyo, zingekuwepo pale pale, zimekauka juu ya ngozi ya jani, naye angezikanyaga tu na kupita.

Habari za virusi vinavyoua wadudu huchanganya wadudu hawa wawili kana kwamba ni tatizo moja. Makala haya yanaviweka virusi hivyo bega kwa bega, pamoja na washindani wake wasio virusi, kwa anayetaka kujua kipi kinafaa wapi. Kipimo ninachotumia ni kimoja: ni mimea mingapi imenusurika ugonjwa. Idadi ya wadudu waliokufa ni jambo la pili, na kwa magonjwa kadhaa inaweza kukudanganya kabisa.

Anza na mdomo

Kabla ya kuuliza kirusi kina nguvu kiasi gani, uliza mdudu anakulaje. Viwavi na mbawakawa hutafuna: humeza jani pamoja na kilicho juu yake. Vidukari, inzi weupe na vidudu warukao wa jamii ya Cicadulina hupitisha sindano hadi ndani ya mmea na kufyonza utomvu. Thripi, wadudu wadogo wembamba, wako katikati. Hutoboa seli za juu na kuzikausha moja moja.

Na magonjwa makubwa yanayobebwa na wadudu, karibu yote, yamo mikononi mwa wafyonzaji. Batobato ya mihogo huenezwa na inzi mweupe, Bemisia tabaci. Milia ya mahindi ni kazi ya Cicadulina. Kirusi kinachodumaza migomba na kufanya majani yake yasongamane kileleni hubebwa na kidukari Pentalonia nigronervosa. Ugonjwa wa michungwa uitwao huanglongbing, unaosababishwa na bakteria, husambazwa na Diaphorina citri, kidudu kidogo cha kahawia kinachokaa juu ya chipukizi kimeinua makalio. Viwavi hawamo katika orodha hiyo hata mmoja.

Matokeo yake ni hali isiyo ya kawaida. Virusi tulivyonavyo kwenye chupa, vilivyosajiliwa na vinavyouzwa, ni vya watafunaji. Virusi vya wafyonzaji viko maabara, kwenye majarida ya kisayansi na ndani ya miili ya wadudu wenyewe. Anayekuuzia habari kwamba vya kwanza vitatibu tatizo la pili, muulize swali la mdomo.

Bakulovirusi: hodari, kwa watafunaji

Hapa kuna rekodi ndefu, na ni rekodi nzuri. Bakulovirusi ni virusi vikubwa vya DNA. Kiwavi anapomeza fuwele, hali ya magadi iliyo tumboni mwake, yenye pH ya karibu 10, inayeyusha protini na kuviachia huru. Vinaingia kwenye seli za utumbo, kisha vinasambaa mwili mzima. Siku nne hadi kumi hivi baadaye kiwavi amekuwa kile kifuko cha uji.

Utumbo huo wa magadi ni sababu mojawapo ya usalama wake. Tumbo la binadamu au la ng'ombe lina tindikali, fuwele hazifunguki ipasavyo, na hata zikifunguka virusi havizaliani katika seli za wanyama wenye uti wa mgongo. Nyuki hawadhuriki, nyigu wenye manufaa hawadhuriki. Kila kirusi kina jamii yake finyu ya viwavi, wakati mwingine spishi moja tu.

Brazil ndiko kulikotokea mfano mkubwa zaidi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Embrapa ilieneza bakulovirusi cha kiwavi wa soya, Anticarsia gemmatalis. Kipimo cha hekta moja kilikuwa viwavi wafu 50 hivi, takriban gramu 20, waliosagwa na kuchujwa. Mkulima aliweza kuokota maiti kutoka shamba lililonyunyiziwa, kuwagandisha, na kuwatumia msimu uliofuata. Kilele chake kilipita hekta milioni 2. Sijui silaha nyingine ya kibiolojia iliyowahi kuwa rahisi kiasi hicho kwa mtumiaji.

Udhaifu wake nao unajulikana vizuri. Jua ni adui wa kwanza: miale ya urujuanimno huua virusi vilivyo juu ya jani kwa muda wa saa au siku chache, ndiyo maana hupuliziwa jioni na kuchanganywa na vitu vya kukinga mwanga. Mwendo wake wa polepole ni adui wa pili. Kiwavi aliyeambukizwa anaendelea kula kwa siku kadhaa, na mkulima aliyezoea kuona wadudu wakidondoka alasiri ile ile hudhani ameuziwa maji. Bidhaa ya Marekani iliyoitwa Elcar, iliyosajiliwa mwaka 1975 kwa viwavi wa pamba, ilipotea sokoni pale pairethroidi, dawa za kemikali zinazoua upesi, zilipoingia, kwa sababu hizo hizo.

Adui wa tatu ni usugu, na hapa wengi hushangaa, kwa kuwa virusi vilisifiwa kwamba haviwezi kuzoewa. Kirusi cha nondo wa tufaha, kilichopatikana Mexico mwaka 1963, kiligeuzwa bidhaa Ulaya, na bidhaa zote zilitokana na kirusi kile kile kimoja. Mwaka 2005 iliripotiwa Ujerumani kwamba nondo wa baadhi ya bustani walikuwa wamekuwa sugu. Baadaye ikaonekana kwamba usugu huo ulipita mara elfu moja ya kawaida, na kwamba ulirithiwa kupitia kromosomu ya jinsia, jambo lililouharakisha kuenea. Ufumbuzi ulikuwa kutafuta nasaba nyingine za kirusi hicho hicho. Zilipatikana, zinafanya kazi, lakini funzo lilipatikana kwa gharama.

Je, kuna ugonjwa wa mimea ambao bakulovirusi vinaweza kuuzuia? Upo, kwa mlango wa nyuma. Viwavi wanaotoboa magunzi ya mahindi hufungua majeraha ambayo kuvu ya Fusarium huingilia, na kuvu hiyo huacha sumu ya fumonisini kwenye punje. Kiwavi habebi ugonjwa kama kidukari anavyobeba kirusi. Anavunja mlango tu, mwizi anaingia mwenyewe. Ukimuua angali mdogo, kabla hajazama ndani ya gunzi, umepunguza majeraha. Akishazama, fuwele hazimfikii tena. Kwa tatizo hilo bakulovirusi ni chaguo halali, na muda wa kupulizia ndio kila kitu.

Virusi vya kupoozesha

Kwa wafyonzaji, kundi linalotajwa zaidi ni la disistrovirusi, virusi vidogo vya RNA. Majina yake yanatisha: kirusi cha kupoozesha na kuua vidukari, kilichoelezwa Afrika Kusini miaka ya 1980, kirusi cha kupoozesha nyenje, kilichopatikana Australia. Kirusi cha kidukari Rhopalosiphum padi, ndugu yake, hufupisha maisha ya kidukari na kupunguza watoto wake.

Kinachonivutia kwenye hiki cha mwisho ni njia yake. Mwaka 1988 ilionyeshwa kwamba kidukari mgonjwa hukiacha kirusi ndani ya mmea anapofyonza. Mmea hauugui, kirusi hakizaliani humo. Kinasafiri tu na utomvu. Kidukari mzima anayefyonza mmea huo baadaye anakipata. Yaani mmea umegeuka mrija kati ya mdudu na mdudu. Kwa anayefikiria kudhibiti wafyonzaji hii ni habari kubwa, kwani inaonyesha mlango ambao bakulovirusi havina: njia ya kumfikia mdudu asiyekula chochote kilicho juu ya jani.

Kidukari huyo huyo ndiye mmoja wa wabebaji wakuu wa kirusi kinachofanya shayiri iwe ya njano na kudumaa. Kwa hiyo mbebaji, ugonjwa na kirusi cha kumdhoofisha mbebaji vyote vinakutana katika shamba moja. Na bado havikutani kwenye chupa. Sababu ya kwanza ni uzalishaji. Bakulovirusi huzalishwa ndani ya viwavi wanaofugwa kwa chakula cha kutengenezwa, kiwavi mmoja mkubwa akitoa mavuno ya kutosha kipande kizuri cha shamba. Kidukari ni mdogo kuliko punje ya mtama na lazima afugwe juu ya mmea hai. Hesabu haikubali. Tena virusi hivi havina koti la fuwele, kwa hiyo nje ya mwili wa mdudu vinaharibika upesi zaidi.

Sababu ya pili ningeiweka mbele ya zote kama ningekuwa nasajili bidhaa. Familia hii ya virusi ina ndugu wanaoua nyuki: kirusi kikali cha kupooza cha nyuki, kile cha Israel, na kile kinachoozesha vijumba vya malkia. Udugu si ushahidi kwamba kirusi cha kidukari kitamgeukia nyuki. Lakini kirusi cha nyenje, wa ukoo huo huo, kinaambukiza wadudu wa aina nyingi mno, na anayetaka kupulizia disistrovirusi hekta nyingi atalazimika kujibu swali la nyuki kwa majaribio, wala si kwa kudhania. Kwa bakulovirusi swali hilo lilishajibiwa zamani.

Mfano ulio karibu zaidi na kazi halisi ni wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mizabibu ya Temecula, California, iliangamia kwa ugonjwa wa Pierce, unaoletwa na bakteria Xylella fastidiosa. Mbebaji mpya alikuwa Homalodisca vitripennis, mfyonzaji mkubwa mwenye mabawa kama ya kioo. Watafiti walikuta ndani yake disistrovirusi, wakakipa jina la HoCV-1, na wakaanza kukipima kama adui wa asili. Kinawapunguza wadudu, hasa wachanga. Kama kinapunguza mizabibu inayokufa ni swali jingine, na nitalirudia tukifika kwenye saa ya ugonjwa.

Densovirusi: hapa ningesita

Densovirusi ni vidogo kuliko vyote, kamba moja ya DNA isiyozidi herufi elfu sita. Vimo katika vidukari na viwavi, na vingine ni wauaji kweli. Lakini visa viwili vinatosha kumfanya mtu aweke chupa chini.

Kisa cha kwanza ni cha kidukari wa mtufaha, Dysaphis plantaginea. Mwaka 2009 iliripotiwa kwamba vidukari hawa wakiambukizwa densovirusi chao wanazaa watoto wachache zaidi. Vizuri. Ila wanazaa pia watoto wenye mabawa, hata pale ambapo hawajasongamana. Vidukari wasio na kirusi, hata wakibanwa kwenye mmea mbovu, hawakutoa mabawa. Wenye mabawa wanaruka hadi mmea wa jirani, wanazaa huko sehemu ya watoto wasio na kirusi, na ukoo unaanza upya ukiwa mzima.

Fikiria sasa maana yake kwa ugonjwa unaobebwa na vidukari. Ukihesabu vidukari kwenye jani, jaribio limefaulu: wamepungua. Ukihesabu mimea iliyotembelewa, huenda umeongeza. Kidukari asiye na mabawa anaharibu mmea mmoja na majirani wake wachache. Mwenye mabawa ndiye anayevusha ugonjwa kutoka shamba hadi shamba. Kirusi kinachompa mdudu mabawa ni msaidizi wa ugonjwa, hata kama kinamfupishia uzazi. Sisemi kwamba kila densovirusi hufanya hivyo. Nasema kwamba jaribio lisilohesabu mabawa haliwezi kukuambia.

Kisa cha pili ni cha kiwavi wa pamba, Helicoverpa armigera. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta densovirusi ambacho wenye nacho wanakua upesi zaidi na kustahimili zaidi bakulovirusi na sumu ya bakteria Bt. Kwa maneno mengine kirusi hiki kinamkinga mdudu dhidi ya silaha zako nyingine mbili. Anayekwenda shambani kutafuta virusi vya wadudu kwa matumaini ya kupata muuaji, ajue anaweza kurudi na mlinzi.

Nje ya makundi haya kuna nudivirusi cha chonga wa minazi, yule mbawakawa mwenye pembe. Kiligunduliwa Malaysia mwaka 1963 na kuachiliwa Samoa mwaka 1967. Hakipuliziwi: chonga walioambukizwa huachiliwa, nao hukisambaza wenyewe kwa kinyesi na katika vigogo vinavyooza wanakozaliana. Minazi ya visiwa vingi vya Pasifiki ilipona kwa njia hiyo hadi mwaka 2007, chonga wa nasaba asiyedhuriwa sana na kirusi hicho alipojitokeza Guam. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha namna nyingine ya kutumia kirusi, ya kukiachilia na kukiacha kijiendeshe, ambayo huenda ndiyo pekee itakayowezekana kwa virusi vya wafyonzaji visivyozalishika kwa wingi.

Kwa mkato, kabla ya kuendelea

| | Bakulovirusi | Disistrovirusi | Densovirusi | Kuvu (Beauveria na ndugu zake) |
|---|---|---|---|---|
| Huingiaje | Kwa kumezwa | Kwa kumezwa. Vingine kupitia utomvu | Kwa kumezwa au kutoka kwa mzazi | Hutoboa ngozi ya mdudu |
| Humfikia mfyonzaji? | Hapana | Ndiyo | Ndiyo, baadhi | Ndiyo |
| Vinauzwa? | Ndiyo, vingi | Bado ni vya maabara | Havijawa bidhaa za kawaida | Ndiyo |
| Tatizo kuu | Jua, wembamba wa walengwa | Uzalishaji, swali la nyuki | Huenda kikamsaidia mdudu | Unyevu wa hewa |

Saa ya ugonjwa

Silaha zote zilizomo kwenye jedwali hilo huchukua siku kadhaa. Magonjwa nayo yana saa zake, na ukilinganisha saa hizi mbili nusu ya uchaguzi inajifanya yenyewe.

Kuna magonjwa ya sekunde. Kirusi Y cha viazi, na jamaa zake wengi wanaobebwa na vidukari, hukaa kwenye ncha ya sindano. Mdudu anakipata kwa kuonja mara moja, anakitoa kwa kuonja mara moja, na baada ya kuonja mara chache sindano imesafika. Anayekieneza mara nyingi si hata mkazi wa shamba. Ni mpita njia. Kirusi kitakachomuua baada ya siku sita hakina kazi hapa. Kwa kweli hata sumu ya kemikali mara nyingi hushindwa, na nyingine humtia mdudu wasiwasi akazidi kuhama na kuonja.

Kuna magonjwa ya saa. Inzi mweupe huhitaji saa chache kunyonya kirusi cha batobato, kisha saa nane hivi kipite mwilini mwake, ndipo aweze kuambukiza, na kuambukiza kwenyewe kunatosha dakika kama 10. Kutoka hapo anabeba kwa siku nyingi. Silaha ya siku kadhaa haimzuii aliyekwisha kubeba asiambukize mmea wa kwanza, lakini inaweza kumkatiza kabla ya mmea wa kumi. Hapa kupunguza idadi ya wadudu kuna thamani, mradi upunguzaji uanze mapema, mihogo ingali michanga.

Kisha kuna magonjwa ya siku na wiki. Bakteria wa huanglongbing humezwa vizuri zaidi na Diaphorina akiwa mchanga, kidudu bapa cha rangi ya chungwa kinachotoa nyuzi nyeupe za nta juu ya chipukizi laini. Bakteria huhitaji kuzaliana na kusafiri hadi tezi za mate. Kipindi hicho ni cha siku nyingi, na mdudu hawezi kuruka hadi mchungwa mwingine mpaka aote mabawa. Dirisha limefunguka: kirusi kinachomuua akiwa bado mchanga kinamuua kabla hajamwambukiza yeyote. Thripi wanaobeba kirusi cha madoa ya nyanya wana dirisha kama hilo, maana ni lazima wakipate wakiwa wachanga kabisa ili wakieneze wakiwa wakubwa. Kama ningekuwa na fedha za utafiti wa virusi vya wadudu, ningeziweka kwenye madirisha haya mawili na kuyaacha magonjwa ya sekunde.

Mizabibu ya Temecula inaangukia wapi? Pabaya. Xylella hukaa kwenye koo la mdudu, haihitaji kusubiri, na mdudu mkubwa akishaipata anaweza kuieneza papo hapo, na kuendelea hadi kufa kwake. Wachanga wanaipoteza kila wanapojivua ngozi. Maana yake kirusi kinachoua wachanga, kama HoCV-1, kinaweza kupunguza kundi la msimu ujao, ila hakimkatizi aliyekwisha beba leo.

Washindani wasio virusi

Kuvu ya Beauveria bassiana na ya Metarhizium haijali swali la mdomo. Mbegu yake inatua kwenye ngozi ya mdudu, inaota, inatoboa, inamaliza ndani. Inzi mweupe, kidukari, thripi na Diaphorina wote wanaingilika. Kwa anayehitaji kitu cha kununua msimu huu dhidi ya mfyonzaji, kuvu inavishinda virusi vyote nilivyovitaja, bila ubishi. Inataka unyevu, haipendi jua, na haipatani na dawa za kuua ukungu ulizopulizia wiki hiyo hiyo. Ndani ya kitalu kilichofunikwa inafanya kazi vizuri zaidi kuliko kwenye uwanda mkavu.

Nyigu wadogo ni habari tofauti. Tamarixia radiata hutaga yai chini ya Diaphorina mchanga, na buu lake humla mwenyeji akiwa hai. Alipelekwa kisiwa cha Réunion mwaka 1978 na Diaphorina akadhibitiwa. Nyigu huyo huyo aliachiliwa Florida baada ya mdudu kuonekana huko mwaka 1998. Mwaka 2005 huanglongbing ulithibitishwa, na michungwa ikaendelea kufa miaka iliyofuata. Ninawakumbusha wasomaji kisa hiki kila ninaposikia asilimia za vifo vya wadudu. Kwa mti unaoishi miaka mingi, wadudu wachache waliobaki wanatosha.

Kwa magonjwa ya sekunde, mshindi hana uhai kabisa: mafuta ya madini. Tangu miaka ya 1960 inajulikana kwamba utando mwembamba wa mafuta juu ya jani huzuia virusi kushika au kuachia sindano ya kidukari. Wazalishaji wa mbegu za viazi huyatumia. Hayaui wengi, hayapendezi kwenye picha, na yanafanya ile kazi ambayo hakuna kirusi cha mdudu kinachoiweza.

Virusi kama tarishi

Kuna wazo jingine ambalo huenda likapindua ulinganisho wote huu, na linahusu virusi visivyoua. Tangu mwaka 2016 virusi kadhaa vya Diaphorina vimeelezwa, vingi havina dalili yoyote kwa mdudu. Badala ya kutafuta muuaji kati yao, watafiti wanataka kukipa kirusi kipole kipande cha RNA kinachozima jeni fulani ya mdudu, ile inayomwezesha kuishi au kubeba bakteria. Kirusi kinageuka tarishi. Kinapita kutoka kwa mdudu hadi mdudu kikipeleka barua.

Mwenzake wa kulinganishwa naye ni Wolbachia, bakteria anayeishi ndani ya seli za wadudu. Mwaka 2020 iliripotiwa kwamba Wolbachia iliyohamishiwa kwenye mdudu wa mpunga, Nilaparvata lugens, ilienea ndani ya kundi la maabara na kupunguza uwezo wake wa kueneza kirusi kinachodumaza mpunga. Wolbachia inarithiwa kupitia mama na haiachi alama kwenye jani. Tarishi wa virusi ana kasi zaidi, na huenda akabadilika njiani, kwani virusi vya RNA hutupa mizigo wasiyoihitaji. Kwa sasa ningeweka dau langu kwa Wolbachia.

Kwa hiyo ningechagua vipi

Kama tatizo ni viwavi wa magunzi na sumu ya Fusarium, ningechukua bakulovirusi cha spishi ile ile hasa, jioni, mayai yanapoanza kuanguliwa, na ningebadilisha nasaba ya kirusi baada ya misimu michache.

Kama ni vidukari na kirusi Y kwenye viazi vya mbegu, nisingegusa kirusi chochote. Mafuta ya madini, mbegu safi, na kuvuna mapema kabla mabawa hayajajaa angani.

Kama ni inzi mweupe na batobato, kuvu kwenye kitalu na miche iliyokaguliwa. Aina za mihogo zinazostahimili zinafanya kazi kubwa kuliko vyote viwili.

Kwa huanglongbing, leo ningetumia nyigu na kuvu kwenye chipukizi changa, miche iliyokuzwa ndani ya wavu, na kung'oa miti iliyougua. Halafu ningefuatilia virusi vya Diaphorina kwa jicho moja, na siku mtu atakapotangaza kwamba kimoja kinaua asilimia kubwa ya wachanga, ningemwandikia kumuuliza maswali mawili: kati ya waliobaki hai, wenye mabawa walikuwa wangapi, na michungwa mingapi iliyowekwa kando yao ilibaki mizima baada ya miaka miwili.